Andikeni kabla hamjahitimu: kwa mnaojiunga na kikundi chetu cha vifaa tiba

Wengi wenu mliojiunga mwaka huu mmekuja na wazo mkononi. Mmoja kanionyesha mchoro kwenye simu, mwingine kauliza printa ya pande tatu iko wapi kabla hata hajajua majina yetu. Naupenda moto huo, nami niliingia nao. Lakini katika miaka minne niliyokaa humu, kilichonifunza kuliko somo lolote la darasani ni namba moja tu: 20.

Nilipofika, kaka na dada waliokuwa wanamaliza walituachia kihesabu matone ya dripu. Kinabanwa kwenye chemba ya matone, mwanga wa infraredi unapita katikati, tone likidondoka linaukata, na kifaa kinaonyesha mililita kwa saa. Walituachia boksi, saketi mbili na programu. Maandishi hayakuwemo. Tukabadilisha betri, tukaweka skrini bora, tukatengeneza kasha jipya, mwaka ukaisha tukiamini tumefika mbali.

Siku moja tukakipeleka kwenye chumba cha mafunzo cha hospitali, kupima kwa ndoo ya maji, si kwa mgonjwa. Muuguzi wa wodi ya watoto akaja na seti yake ya dripu, yaani mrija na chemba yake ya matone, akaifunga. Skrini ikaonyesha mara tatu ya maji yaliyokuwa yameingia kwenye chombo cha kupimia. Akauliza kwa upole, "Mmekiambia tone lina ukubwa gani?"

Hatukuwa tumewahi kujiuliza. Seti nyingi za watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, nyingine 10 au 15. Seti ya matone madogo, ile itumikayo sana kwa watoto, hutoa 60. Ndani ya programu yetu 20 ilikuwa imekaa peke yake, bila neno la maelezo. Muuguzi anayekiamini kifaa kile angeona dripu inakwenda kasi, angeipunguza, na mtoto angepata theluthi moja ya alichoandikiwa na daktari.

Tulimpigia simu aliyeandika programu. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alijua fika habari ya seti za watoto. Ila timu yake ilikuwa imeamua kuhudumia wodi ya watu wazima pekee. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini uliishi kichwani mwake, naye alikuwa ameshahitimu.

Baadaye nikasoma kisa cha Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa 6 mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka mashine za awali. Ile iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vilivyozuia hatari hata programu ilipokosea. Therac-25 ikaondolewa vizuizi hivyo, programu ikaachiwa ulinzi peke yake, nayo haikuwa na maandishi ya kutosha. Nilipokisoma niliiona 20 yetu.

Kwa hiyo mkisikia ISO 13485, kiwango cha mfumo wa ubora wa vifaa tiba, msidhani ni mzigo wa makampuni makubwa. Kinachodai ni mambo tunayoyahitaji sisi kuliko mtu yeyote: uamuzi huu ulifanywa na nani, lini, kwa sababu gani, na ulithibitishwaje. Kifaa tiba huchukua miaka mingi kufika wodini. Mwanafunzi anakaa mitatu, minne. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba kila mradi wetu utamaliziwa na mtu ambaye leo hatumjui.

Kila namba mnayoiweka kwenye programu iwe na sentensi kando yake. Kila mlichojaribu kikashindikana kiandikwe pia, maana mwenzenu wa mwakani atakirudia kwa furaha ile ile. Jedwali la hatari, kwa utaratibu wa ISO 14971, kiwango cha kudhibiti hatari za vifaa tiba, lianzeni wiki ya kwanza hata kama lina mistari mitano: nini kinaweza kuharibika, nani ataumia, tumefanya nini. Tungekuwa na mstari mmoja wa "seti tofauti ya dripu", mwaka wetu usingepotea.

Wodini nendeni na daftari, siyo na kifaa. Andikeni mnachokiona kabla ya kuandika mnachotaka kutengeneza. Earl Bakken, aliyetengeneza kidhibiti mapigo ya moyo cha kuvaliwa kinachotumia betri mwaka 1957, alikuwa akitengeneza vifaa vya hospitali kwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Umeme uliokuwa ukiendesha vidhibiti vya awali ulipokatika, na daktari mpasuaji akahitaji msaada, Bakken alikuwa mtu anayejulikana kwenye korido zile. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali atawaambia pia jambo ambalo wahandisi tunalisahau: nani atakisafisha, kwa dawa gani. Plastiki iliyotoka kwenye printa ina mifereji midogo inayoficha uchafu.

Kuhusu biashara nasema machache. Anayekitumia kifaa, anayekiagiza na anayekilipia mara nyingi ni watu watatu tofauti. Ongeeni na wote. Kubalianeni kwa maandishi mapema nani anamiliki nini, na someni kanuni za chuo kuhusu uvumbuzi kabla ya kusaini chochote. Na kabla hamjapanda jukwaani kwenye shindano lolote, ulizeni habari ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wenu. Katika nchi nyingi za Ulaya, ukishatangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kuwasilisha ombi, kwa kawaida umeupoteza upya wake kisheria. Marekani humpa mvumbuzi mwaka 1 tangu alipoutangaza. Kuna timu nzuri zilizojifungia mlango kwa dakika tano za kujieleza mbele ya waamuzi.

Kihesabu matone bado kipo. Sasa kinamtaka muuguzi achague aina ya seti kila kinapowashwa, na hakihesabu mpaka achague. Daftari lake liko kwenye kabati la maabara, rafu ya juu. Lisomeni lote kabla ya kugusa saketi. Ukurasa wa mwisho una swali la muuguzi yule yule ambalo hatujalijibu: mgonjwa akiinuka kwenda msalani na stendi ya dripu, chemba ikatikisika, kifaa kitajuaje lipi ni tone na lipi ni mtikisiko?