Kulala Dar kabla ya boti ya Unguja

Dada, kwa kuwa mko wewe na mama, na boti yenu ni ya asubuhi, tafuteni chumba Upanga. Ni mtaa mtulivu, uko karibu na Posta, katikati ya jiji ilipo bandari, na hamtavuka mji na foleni yake. Sinza na Mwenge kuna vyumba vya bei nafuu, ila mtalazimika kuamka alfajiri sana. Kariakoo nendeni kununua vitu mchana. Kulala pale na mizigo na mtu mzima siwashauri.

Chumba msikilipie kwa simu kwa mtu msiyemjua, hata picha ziwe nzuri vipi. Fikeni, kioneni, ndipo mlipe mapokezi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pale bandarini. Mkishuka tu watawazunguka vijana: "Mama, boti imejaa, mimi ninazo tiketi." Wengine huvaa hadi beji. Msiwape pesa wala kitambulisho, na begi msiwaachie wabebe. Ofisi za boti ziko palepale Barabara ya Sokoine, jirani na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ingieni ndani, lipeni dirishani, hakikisheni majina kwenye tiketi yanafanana na ya vitambulisho.

Usiku itisheni gari kwa programu ya simu na mlinganishe namba ya gari na iliyo kwenye simu. Teksi ikisimama kupakia "rafiki" wa dereva, shukeni hapohapo penye watu. Na mama ashike mkoba upande wa ukutani, bodaboda wanakwapua.