"Simu haina mtandao" au "intaneti haifunguki"?

SWALI: Nauza na kutengeneza simu zilizotumika hapa Mwanga, Kigoma. Wengi wananunua Nokia za Symbian (mfumo wa zamani wa kuendeshea simu) na Android za mwanzo, kisha wanarudi wakitaka niwawekee intaneti. Nataka kubandika ukutani karatasi ya maelekezo. Niandike "kuseti mtandao", "kusanidi mtandao" au "kuunga intaneti"? Na data "imewashwa" au "zimewashwa"?

JIBU: Andika "kuseti intaneti". Kusanidi ni neno zuri, na kwenye mwongozo rasmi ningelitumia hilo, lakini karatasi ya ukutani inasomwa na mtu aliyesimama na simu mkononi. Asipolielewa neno la kwanza, hafiki la pili. Kuunga liache kabisa, kwa sababu watu wameshalizoea kwenye "kuunga bando". Ukiandika "unga intaneti", mteja atanunua kifurushi, simu itakataa vilevile, na atakuja kukudai hela yake.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni mtandao. Limetokana na kutandaa, na leo tumelibebesha vitu viwili: mawimbi ya mnara yanayokuwezesha kupiga simu, na intaneti. Kwenye mazungumzo ya kawaida hakuna hasara. Kwenye ufundi hasara ipo, maana tiba zake ni tofauti. Kwa hiyo karatasi yako itenge kauli tatu. "Laini haisomi": simu haiioni kadi, basi itoe, ifute, irudishe. "Mtandao haushiki": kadi inaonekana lakini vijiti vya mnara havipo. "Intaneti haifunguki": vijiti vipo na kupiga unapiga, ila kurasa hazifunguki. Hii ya tatu ndiyo inayohitaji kusetiwa, na ndiyo pekee. Kwenu kutenganisha huku kuna uzito wa ziada. Katika vijiji vya mpakani kama Kagunga, simu inaweza kunasa mnara wa Burundi. Hapo mtandao upo, vijiti vimejaa, lakini intaneti haifunguki kwa sababu simu imezuiwa kutumia data kwenye mtandao wa nchi nyingine. Ukimwandikia mtu huyo "angalia kama una mtandao", atakujibu anao, na atakuwa amesema kweli.

Sasa maneno ya kwenye skrini. Simu hizo nyingi zinakuja na menyu ya Kiingereza, na hapo nakushauri usitafsiri. Nakili maandishi ya menyu herufi kwa herufi ndani ya alama za kunukuu, kisha eleza kwa Kiswahili cha kufanya. Kwenye Nokia za S60, yaani zile za Symbian, mteja akishaingia "Settings" anatafuta "Connection", halafu "Access points", halafu anafungua mpya. Humo atakuta majina mawili, na ndipo tafsiri inapoponza. "Connection name" ni jina la kumbukumbu tu; hata akiandika "Kigoma" simu haijali. "Access point name", ambayo mafundi mnaiita APN, lazima iwe ileile iliyotolewa na kampuni ya laini. Ukiyaita yote mawili "jina la muunganisho", atabadilisha lisilobadilishwa. Andika hivi: "Connection name: jina lolote upendalo. Access point name: andika APN ya kampuni yako kama ilivyo, usiache nafasi mwishoni." Hilo la nafasi lisisitize, kwa kuwa simu zinazokisia maneno huongeza nafasi zenyewe baada ya neno, na jicho haliioni.

Sehemu ya jina la mtumiaji na nenosiri, kama kampuni haikutoa chochote, usiandike "acha wazi". Kuna atakayedhani aiache sehemu hiyo ikiwa imefunguliwa. Andika "usijaze kitu". Symbian huonyesha pale neno "None", na wapo wanaolichukua kama mfano wa kujazia, wakaandika "hakuna". Kwenye Android ongeza kwamba tarakimu za MCC (namba ya nchi) na MNC (namba ya kampuni ya laini) zisiguswe. Laini zote za Tanzania zina MCC 640, na simu huijaza yenyewe. Akiikosea, APN aliyoihifadhi haitaonekana kwenye orodha. Akishahifadhi, aguse kiduara kilicho mbele ya APN hiyo ili iwe ndiyo inayotumika.

Vitenzi navyo vifuate mkono. Simu ya vitufe unabonyeza, ya skrini ya mguso unagusa. Kubofya tuiachie kompyuta na kipanya chake.

Kuhusu data: kwenye taarifa za utafiti tunasema "data hizi zinaonyesha", kwa sababu ni taarifa nyingi zinazohesabika moja moja. Data ya simu haihesabiki hivyo. Iko kama chumvi, ambayo tunasema imeisha, wala si zimeisha. Kwa hiyo "data imewashwa", "data imeisha". Bando liko kwenye ngeli ya ji-ma: "bando limeisha", "mabando yamepanda bei". Lakini usimwandikie mwenye Symbian "washa data". S60 haina swichi ya namna hiyo. Kwenye "Packet data" anachagua tu kama muunganisho ufunguke unapohitajika au ukae wazi muda wote. Mwambie achague "When needed".

Weka pia kauli ya nne, kwa ajili ya simu hizi kuukuu hasa: "intaneti ipo, tovuti haifunguki". Simu ikilalamika kuhusu cheti cha usalama, aangalie kwanza tarehe, kwani betri ikitolewa muda mrefu tarehe huweza kurudi nyuma. Tarehe ikiwa sawa na bado inagoma, tatizo ni umri wa programu. Vyeti vilivyomo ni vya zamani, kwa hiyo simu haitambui vyeti vya tovuti nyingi za leo. WhatsApp nayo iliacha kufanya kazi kwenye Symbian mwaka 2017. Hilo mwambie mteja kabla hajalipa, na kwenye karatasi liandike juu kabisa, kwa herufi kubwa.