Mgonjwa wa Alzheimer hatibiwi kwa chupa ya mafuta

Tangu mama aanze kupoteza kumbukumbu, wageni hawaji mikono mitupu. Huyu ana mafuta ya nazi, yule ya samaki, na shemeji kaleta chupa yenye picha ya ubongo unaong'aa, kwa bei inayotosha pampasi za wakubwa za wiki nzima. "Ubongo ni mafuta," wanasema, "mrudishie mafuta."

Nusu ya kwanza wamepatia. Ubongo ukiondolewa maji, nusu hivi ya kinachobaki ni mafuta. Hata Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake, alipouchunguza ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter aliyefariki 1906, aliona vifuko vya mafuta ndani ya seli zinazozihudumia neva. Leo inajulikana kwamba salfatidi, mafuta yanayovika nyuzi za neva, hupungua mapema sana katika ugonjwa huu, huku seramidi, mafuta ya aina nyingine, zikiongezeka.

Sasa hiyo nusu ya pili. Lehemu (kolesteroli) ya ubongo hutengenezwa humohumo ubongoni; ile ya kwenye damu karibu yote huzuiwa mlangoni. Mafuta ya samaki yana DHA, aina ya omega-3, ambayo hupenya, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa 2010 liliwapa wagonjwa DHA kwa miezi 18 na kasi ya kusahau haikupungua. Kwa hiyo mafuta ya nazi tunapikia wali. (Dawa za lehemu alizoandikiwa na daktari usimwachishe, hizo zinalinda moyo na mishipa, ni habari nyingine.)

Wadogo zangu hofu yao ilikuwa urithi. Daktari aliuliza kwanza: alianza akiwa na umri gani? Mama alishavuka sabini. Alzheimer inayorithiwa moja kwa moja, kupitia hitilafu katika jeni za APP, PSEN1 au PSEN2, haifikii mgonjwa mmoja kati ya 100, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Huko Antioquia, Colombia, kuna ukoo ambao wenye hitilafu ya PSEN1 huanza kusahau wakiwa na arobaini na kitu. Mmoja wao, Aliria Piedrahita, alifika sabini na kitu akili ikiwa timamu. Alikuwa na badiliko adimu katika APOE, protini inayosafirisha mafuta ubongoni! Hapo ndipo aina hizi mbili za ugonjwa zinapokutana, kwa sababu hata kwa wazee kama mama, APOE4, aina mojawapo ya APOE, ndiyo jeni inayoongeza hatari kuliko nyingine.

Inaongeza tu, haihukumu. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uzito wake ulionekana kuwa mdogo kuliko kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ndiyo maana sikuona haja ya kulipia kipimo cha jeni.

Pesa hiyo ipelekeni kwenye vipimo vya presha, sukari, masikio, vitamini B12 na tezi ya shingo, maana upungufu wa B12 na tezi iliyolegea navyo husahaulisha, na hutibika. Kliniki nendeni na karatasi: nani katika ukoo alisahau, akiwa na umri gani, na kila kitu mgonjwa anachomeza, hata kile cha shemeji.