Pesa za Kikundi Kwenye Simu ya Mwenyekiti

Safu hii hujibu barua za viongozi na wanachama wa vikundi vya kujitolea mitaani Nairobi.

SWALI: Mama, pokea salamu zangu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha hapa Kayole kinacholipia karo watoto mayatima. Michango yote huingia kwenye namba ya mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekianzisha kikundi na kwa kweli amejitolea, hata siku ya mvua utamkuta akizunguka mashuleni. Lakini nikimwomba taarifa ya M-Pesa hunijibu, "Mimi hapa silipwi hata senti, halafu mnanidai risiti?" Wenzangu wanasema nina wivu. Mwisho wa mwaka naletewa jumla tu niitie sahihi. Nifanye nini bila kukivunja kikundi? – *Mweka hazina, Kayole*

JIBU: Binti yangu, kwanza usitie sahihi. Nalitanguliza hilo kwa sababu siku mambo yakiharibika, jina litakaloulizwa ni lako. Sahihi ya mweka hazina maana yake ni kwamba pesa ameziona zikiingia na ameziona zikitoka. Wewe hukuziona.

Huenda mwenyekiti wako hajala hata shilingi moja. Nimekagua vitabu vya vikundi vingi, na wengi wanaojibu kwa ukali namna hiyo si wezi. Wanaumia tu kwamba jasho lao halionekani, na uchungu huo nauheshimu. Hata hivyo alichojitolea ni muda wake na nguvu zake. Karo ya watoto si yake, na kutolipwa kwake hakuigeuzi ikawa yake. Mama muuza sukuma anayetuma shilingi 100 naye hakulipwa na mtu ili achange.

Tena hatari kubwa ya namba ya mtu binafsi wala si wizi. Chukua Fuliza, mkopo ule unaokusaidia kumalizia malipo salio lisipotosha. Mtu akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote ikiingia kwenye laini yake, deni linakatwa papo hapo. Mfumo haujui kama pesa ni ya mshahara, ya mahari au ya karo. Mwenyekiti akikopa Jumatatu kununua unga na gesi ya nyumbani, mfadhili akatuma shilingi 3,000 Jumanne, sehemu ya mchango imeshalipa deni kabla hajaishika simu. Hakuiba, lakini karo imepungua, na kama hakuna anayeisoma taarifa, hata yeye mwenyewe hatajua imepungua kiasi gani. Na akifariki leo, Mungu amwepushe, pesa zilizo kwenye laini yake zitahesabiwa kuwa mali ya marehemu. Familia itazifuata kwa njia za kisheria, nanyi mtabaki kueleza kortini kwamba zilikuwa za watoto, bila kitabu mkononi.

Kwa hiyo usiende kwake na swali la pesa zimekwenda wapi. Peleka hoja kwenye mkutano wa kikundi: kuanzia mwezi ujao michango yote iingie kwenye akaunti ya benki yenye jina la kikundi, waweka sahihi wawe watatu, na pesa isitoke bila wawili kati yao. Yeye awe mmoja wao, anastahili. Benki itawadai cheti cha usajili, katiba, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na kumbukumbu za mkutano ulioamua hivyo, basi ziandikeni kumbukumbu hizo vizuri na mzitie sahihi. Akaunti ikiwa tayari, ombeni namba ya Paybill inayopeleka pesa moja kwa moja benki. Wachangaji wenu hawatasumbuka, wataendelea kutuma kwa simu kama kawaida.

Halafu kuna kitabu. Wiki chache zilizopita nilikaa na kikundi kimoja Kariobangi ambacho hesabu zake ziko kwenye daftari la shule, mistari imepigwa kwa rula. Tarehe, aliyetoa, namba ya muamala wa M-Pesa, kilichoingia, kilichotoka, baki. Kila ukurasa wa pili umebandikwa risiti: sare, vitabu, karo yenye muhuri wa benki. Pale ambapo hakuna risiti, kwa mfano nauli ya bodaboda, kuna vocha ya malipo yenye jina la aliyelipwa, namba yake ya kitambulisho na sahihi yake. Vitabu vya vocha vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi pale mjini, na si ghali. Hata gharama za kutoa pesa zimeandikwa, maana shilingi 29 kwa 29 ndizo huzua "hesabu imekataa" mwisho wa muhula. Nilimaliza kukikagua kitabu hicho kabla chai haijapoa. Kila mkutano mweka hazina hukisoma kwa sauti, mchango kwa mchango, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kukishika.

Ya nyuma yasiachwe hivi hivi. Mwombe mwenyekiti, mbele ya wote na kwa heshima, atoe taarifa ya M-Pesa ya mwaka huu. Kuna miamala yake ya nyumbani ambayo haiwahusu, basi kaeni naye watu wawili anaowaamini mtie alama ile ya kikundi tu. Akikataa kabisa, mwone afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu, kwa sababu idara yake ndiyo inayosajili vikundi. Wanaosema una wivu waulize kama wako tayari kuitia sahihi ile jumla kwa niaba yako.

SWALI: Tuko kumi na wanne, tunapikia wazee Kawangware. Tumesikia kuna sheria mpya ya PBO, yaani mashirika ya manufaa ya umma, na kwamba vikundi vyote lazima visajiliwe upya. Pia, wanaojitolea wanaacha kuja kwa sababu ya nauli. Tukiwarudishia nauli si tutakuwa tunakula pesa za wazee? – *Katibu, Kawangware*

JIBU: Sheria ya PBO ilipitishwa 2013 na ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Kikundi cha mtaa kama chenu kina sheria yake, ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi. Kaeni chini ya sheria hiyo hiyo.

Nauli rudisheni. Anayetoka Kangemi kuja kuwapikia wazee bure hapaswi pia kulipia matatu ya kumfikisha jikoni. Andikeni tu kiwango, kipitishwe na mkutano, na anayeidhinisha asiwe yule anayelipwa. Mkiwatangazia wafadhili mapema kwamba sehemu fulani ya mchango ni nauli, hamtasikia neno. Wafadhili hukasirika wanapoligundua wenyewe.

SWALI: Wafadhili wetu wanataka uwazi, kwa hiyo tumeanza kutuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya kila mtoto akipokea sare, jina lake na shule anayosoma. Kuna mzazi amelalamika. Amekosea? – *Mwenyekiti, Mathare*

JIBU: Hakukosea, ndugu yangu. Ziondoeni leo, na mwende nyumbani kwake mkamwombe radhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na hata bila sheria, mtoto wa darasa la saba hataki mtaa mzima ujue nani alimnunulia viatu. Uwazi mnaodaiwa ni wa pesa. Tumeni ukurasa mmoja kila mwezi: kiasi kilichoingia, sare ngapi zimenunuliwa na kwa bei gani, picha ya risiti ya duka, na baki iliyoko benki. Mfadhili anayetaka kuthibitisha zaidi mkaribisheni mkutanoni akisome kitabu mwenyewe. Anayeng'ang'ania sura za watoto mwambieni hamna.