Stima Yangu Inaliwa na Nani? Fundi Anajibu

Swali: Fundi habari yako. Mimi ni mpangaji huku Kaptembwo, Nakuru. Mzee wangu kila asubuhi kabla atoke lazima azunguke nyumba akichomoa chaja na kuzima soketi zote hata zile hazina kitu, ati soketi tupu hula tokeni polepole kama panya. Mimi namwambia hiyo ni stori ya vijiweni. Lakini bado tokeni ya 500 hainifikishi wiki mbili. Nani yuko sawa? – Mama Wawili

Jibu: Mama Wawili, kuhusu soketi tupu umeshinda. Stima lazima iwe na njia ya kwenda na ya kurudi, inaingia kwa waya ya laivu, inapita ndani ya kifaa, inarudi kwa nyutro. Kama hakuna kifaa, njia imekatika hapo, na hata swichi ikae on mwaka mzima mita haisongi.

Chaja nayo ikiachwa ukutani bila simu, kweli inakula, hapo mzee asikatwe maneno. Lakini inakula nini? Chaja nzuri ya siku hizi haifiki robo wati. Weka mwezi mzima, usiku na mchana, haifiki hata sehemu moja kwa tano ya yuniti (yuniti moja ni wati 1000 zikiliwa saa nzima). Sasa chukua birika yako ya stima, nyingi ni wati 2000, chemsha maji ya chai dakika tano hivi. Umeshamaliza kiasi hicho hicho kwa chai moja! Na najua nyumba yenye watoto wawili birika haiwashwi mara moja.

Kwa hivyo sheria yangu ni hii, kitu kinachotoa joto ndicho kinamaliza tokeni: birika, pasi, koili ya kupika, na ile shawa ya moto ambayo inaeza vuta wati 5000, yaani mtu akiimba humo ndani dakika kumi ni karibu yuniti moja imeenda na maji.

Sasa nikuulize kitu. Mzee akimaliza kuangalia mpira, wufa na dekoda anazima kwa ukuta ama anabonyeza rimoti tu? Juu hapo ndio panya wa ukweli yuko. Tivi mpya ikizimwa na rimoti hula kidogo sana, lakini dekoda zingine hata ukizima na rimoti zinaendelea kuvuta karibu sawa na zikiwa zimewaka. Ikiwa ni wati 10, kwa mwezi ni yuniti 7 na kitu. Azime hizo, chaja aziwachie Mungu.

Na msibishane, pimeni. Kwa mita kuna kataa kekundu kanakopepesa na pembeni imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Hiyo 1000 inamaanisha ikipepesa mara elfu moja, yuniti moja imekwisha. Zimeni kila kitu halafu wacheni dekoda peke yake, kama inapepesa kila baada ya dakika sita basi inakula wati 10. Birika ikiwaka itapepesa kila sekunde mbili hivi, mtaona wenyewe. Na kama mmechomoa kila kitu, hata friji na balbu, na bado inapepesa, hapo kuna waya inavujisha ama kuna jirani amejiunganisha kwako, ongea na landlodi. Pia kumbuka bei hubadilika mwezi kwa mwezi juu ya gharama ya mafuta na forex, so 500 ya leo na 500 ya mwezi uliopita hazileti yuniti sawa.

Swali: Fundi, mimi niko Nyalenda, Kisumu. Karibu wiki mbili nimekuwa nikisikia harufu ya samaki kwa sitting room jioni. Nilidhani ni jirani anakaanga omena. Juzi nikagundua inatoka kwa ekstensheni nyuma ya meza, penye nimechomeka birika, pasi na friji. Plagi ya birika ina alama ya kahawia. Nibadilishe plagi tu? – Mama Omena

Jibu: Mama, usingoje umalize kusoma, zima soketi ya ukuta kwanza. Hiyo harufu ni plastiki ya plagi inaungua, wengi wameidhania samaki na huku Kisumu nani atawalaumu.

Soketi zetu ni volti 240 na plagi ina fyuzi ya ampea 13, zidisha upate wati 3120. Hiyo ni ya ekstensheni nzima, si ya kila tundu! Birika 2000 na pasi 1200 pamoja tayari umepita, na friji bado haijaamka. Fyuzi ndiyo ilifaa kukatika lakini ikipitishwa kidogo tu inaeza vumilia muda mrefu, na kuna watu huweka foil ya sigara penye fyuzi, kama ni wewe siulizi. Waya za ekstensheni za bei rahisi ni nyembamba, na tundu likishalegea plagi haishiki vizuri, hapo penye imelegea ndipo panachemka. Kwa hivyo plagi peke yake haitoshi, tupa na hiyo ekstensheni. Birika iende kwa soketi ya ukuta peke yake, na kama hiyo soketi pia imeguswa na moto itisha fundi aifungue.

Swali: Niko hosteli Kakamega. Chaja yangu ni ya miguu miwili, huwa naingiza kalamu kwa lile tundu la juu ndio iingie. Kuna shida? – Comrade

Jibu: Iko. Lile tundu la juu ni la erthi, yaani waya ya usalama, na mguu wa juu wa plagi umefanywa mrefu makusudi ndio uingie kwanza ufungue vile vifuniko vya laivu na nyutro, hiyo ni kinga ya mtoto asitie msumari. Wewe umeivunja na kalamu, halafu chaja inakaa imelegea inatoa cheche. Nunua adapta, haifiki bei ya kuku.

Swali: Nikizima friji usiku nitaokoa tokeni? – Muuza barafu, Busia

Jibu: Kidogo sana, asubuhi itafanya kazi zaidi kurudisha baridi, na barafu zako zitakuwa maji. Friji hata sahii haivuti muda wote, hujizima na kujiwasha. Angalia mpira wa mlango badala yake: funga mlango na noti ya 100 katikati, ukiivuta ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Noti urudishe kwa mfuko kabla wateja waione.