Pampu ipi ya petroli inafaa Land Rover 109 ya zamani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1976, aliyoniachia marehemu baba. Nakaa Dodoma mjini na naitumia kwenda shamba Kintinku, mara nyingine napitiliza hadi Manyoni. Asubuhi linawaka vizuri. Mchana jua likiwa kali, nikipanda mlima wa Saranda linaanza kukohoa, kisha linazima. Nikisubiri likapoa, linawaka tena kama vile hakuna kilichotokea. Fundi wa mtaani kasema pampu ya mafuta imekufa. Nimepewa njia tatu: ninunue pampu mpya ya bei nafuu ambayo haifunguliwi, niifufue ya zamani kwa ripeakiti (seti ya vipuri vya kuitengenezea), au nifunge ya umeme iliyotoka kwenye Toyota. Ipi itadumu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Pole kwa kuondokewa na mzee.

Ifufue ya zamani. Kama mwili wake haujapasuka na mkono wake haujalika, pampu ya chapa ya AC iliyokuja na gari hilo ukiifanyia kazi vizuri itakutumikia kuliko nyingi zinazouzwa leo kwenye boksi jipya. Ya bei nafuu isiyofunguliwa iwe ya pili, tena kwa masharti nitakayokueleza. Ile ya Toyota usiifunge kabisa, na sababu yake utaiona huko mbele, maana inahusu moto.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha kwanza mwenye kosa ni pampu. Gari linalozima kwenye joto na kuwaka likipoa mara nyingi lina tatizo la petroli kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ina sehemu nyepesi zinazoanza kuchemka kwenye joto la kawaida tu la mchana wa Oktoba. Kipande cha bomba kati ya tangi na pampu ndicho kinachoteseka zaidi, kwa sababu pale petroli inavutwa, na kimiminika kinachovutwa huchemka upesi kuliko kinachosukumwa. Kuna na mwinuko wetu pia. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na hilo nalo linashusha kiwango cha kuchemka. Sasa lete mlima wa Saranda: gia ya chini, injini inanguruma, gari linaenda taratibu, upepo wa kupooza hautoshi, na wakati huohuo injini inadai petroli nyingi kuliko wakati wowote. Pampu nzima ingevumilia. Pampu iliyochoka, au yenye mahali inavuta hewa, inashindwa hapo.

Kwa hiyo siku likizima tena, usikae tu kusubiri lipoe. Fungua kwanza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa kelele na gari likawaka muda mfupi baadaye, kitundu cha hewa cha mfuniko kimezibwa na vumbi, na pampu haina hatia. Kisha angalia kikombe cha kioo kwenye pampu, kama yako bado inacho. Petroli iwe imejaa na imetulia. Ukiona mapovu yanapita mfululizo hata injini ikiwa ya baridi, kuna mahali inavuta hewa: gasketi ya kikombe imekauka, mpira wa mafuta umepasuka chini ya klipu, au bomba lina ufa. Mapovu yakionekana kwenye joto tu, huo ni mvuke. Kikombe kikiwa kikavu kabisa, rudi nyuma kuelekea kwenye chujio na tangi.

Baada ya hapo, pima pampu yenyewe. Chomoa waya mkuu wa koili ili pasiwe na cheche, fungua bomba linaloingia kwenye kabureta, elekeza mdomo wake kwenye chupa safi, halafu mtu apige stata. Utaona petroli inaruka kwa mipigo, mpigo mmoja kwa kila mizunguko miwili ya injini, kwa kuwa kamshafti, yaani shafti yenye nundu inayoichezesha pampu, inazunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, shafti kuu ya injini. Mipigo iwe mizito na ya kukata. Ikitiririka kwa uvivu, au kutema povu, hapo ndipo tuzungumze pampu. Ukiwa na geji, ifunge kwenye bomba hilohilo: pampu nyingi za kabureta hutoa psi 2 hadi 5 (psi ni kipimo cha presha), na ya Land Rover yako iko upande wa chini wa kipimo hicho. Mtu akiacha kupiga stata, mshale ushuke polepole. Ukianguka mara moja, vali hazizibi.

Nakueleza na inavyofanya kazi ndani, kwa sababu bila kulijua hilo huwezi kuchagua dukani. Nundu ya kamshafti inausukuma mkono wa pampu, mkono unaivuta dayaframu, yaani utando wa mpira, chini, petroli inaingia kupitia vali ya kwanza. Nundu ikishapita, springi iliyo chini ya dayaframu inaipandisha, petroli inatoka kupitia vali ya pili kwenda kwenye kabureta. Zingatia hapo: anayesukuma petroli ni springi, si injini. Ndiyo maana presha haipandi ovyo ukikanyaga mafuta. Bakuli la kabureta likijaa, sindano inaziba njia, dayaframu inabaki chini na mkono unacheza bure mpaka petroli ihitajike tena. Kuna mafundi huivuta springi irefuke wakidhani wanaongeza nguvu. Wanachoongeza ni petroli kufurika kwenye kabureta. Usikubali.

Pampu ya kuaminika basi ni ile ambayo dayaframu yake, springi yake, vali zake na mkono wake vinafaa gari lako, na ambayo unaweza kuifungua ukiwa popote. Hilo la kufungua nalipa uzito mkubwa. Mkoa huu una safari ndefu zisizo na duka la spea za Land Rover, na pampu iliyobanwa bati kiwandani ikichanika dayaframu barabarani imekwisha, huna la kufanya. Yenye skrubu unaibadilishia dayaframu chini ya mti kwa bisibisi na spana mbili.

Ukinunua ripeakiti, ifungue palepale dukani. Iwe na dayaframu, vali mbili, sili ya oili ya kwenye shina la dayaframu, na gasketi zote pamoja na ya kikombe. Yenye dayaframu peke yake ni nusu ya kazi. Ikunje dayaframu kidogo kwa vidole: iwe laini na irudi yenyewe. Ikibaki na mkunjo au ikionyesha nyufa nyembamba, imezeekea kwenye boksi, na hilo hutokea hata kwa spea halisi ya kiwandani iliyokaa stoo miaka mingi. Muulize muuzaji kama ni ya Viton; mpira huo unahimili petroli ya siku hizi vizuri zaidi ya mpira wa zamani.

Unapofungua pampu, piga alama ya tupa inayovuka vipande vyote viwili vya mwili ili vikarudi vilivyokuwa. Vali zimebanwa kwa kugongewa ukingo, kwa hiyo unapoweka mpya geuza moja itazame ndani na nyingine nje kama ulivyozikuta, kisha ugonge ukingo kidogo kidogo kuzishika. Angalia uso wa mwili pale unapokutana na dayaframu. Pampu iliyokazwa kwa hasira miaka mingi huwa imepinda kwenye pembe za skrubu. Tandika msasa laini juu ya kioo na uusugue uso huo mpaka ukae sawa.

Na hapa ndipo ripeakiti nyingi nzuri zinapoharibiwa. Ingiza skrubu zote lakini zikamate tu kwa vidole. Sukuma mkono wa pampu hadi mwisho wa safari yake, dayaframu ishuke kabisa, uushikilie hapohapo, ndipo ukaze skrubu kwa kukingamisha. Ukikaza dayaframu ikiwa juu, itakuwa inavutika kupita kiasi kila mkono unaposhuka, na itachanika mapema. Halafu utasikia watu wanasema ripeakiti za siku hizi hazina maana.

Kama mwili umepasuka na huna budi kununua mpya, nenda na ya zamani mkononi, iwe hapa mjini au Kariakoo. Ziweke sambamba uangalie mkono: urefu, mkunjo wake, na upana wa sehemu inayogusa kamshafti. Mkono uliozidi kidogo utabanwa na nundu mpaka uvunjike au ule kamshafti. Uliopungua utatoa mipigo mifupi, na gari litazima palepale Saranda ukasema pampu mpya nayo mbovu. Ziba mdomo wa kuingizia kwa kidole gumba na uchezeshe mkono: usikie kinavutwa na kishikiliwe kwa sekunde kadhaa. Chagua yenye skrubu. Ikiwa iliyopo ni ya kubanwa tu, inunue kama ya akiba, na ile ya mzee uitafutie mwili mwingine kwenye Land Rover zilizolazwa gereji.

Sasa hiyo ya umeme. Pampu ya Toyota ya injeksheni, yaani ya injini isiyotumia kabureta, hutoa presha ya zaidi ya psi 40. Sindano ya kabureta yako haikutengenezwa kuzuia hata robo ya hiyo. Petroli itafurika, na kwenye injini hiyo kabureta na manifoldi ya ekzosi viko upande mmoja, kimoja juu ya kingine. Nadhani umeshaona petroli hiyo inadondokea wapi. Ukitaka ya umeme siku moja, iwe ya presha ndogo ya kabureta, ifungwe nyuma karibu na tangi na chini, kwa sababu pampu hizo zinasukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Iwe na fyuzi, na rilei (swichi inayojiendesha) inayokata umeme presha ya oili ikipotea, ili gari likipinduka isiendelee kumwaga petroli. Ya zamani itolewe kabisa na tundu lizibwe kwa bati na gasketi. Wapo wanaoiacha ya zamani kwenye njia na kuunganisha ya umeme nyuma yake. Dayaframu ya zamani ikichanika, ya umeme itapampu petroli moja kwa moja kwenye oili.

Hilo la petroli kwenye oili likague leo hii, hata kabla ya vipimo vingine. Chomoa stiki ya oili. Kama kiwango kimepanda kuliko ulivyojaza, au inanuka petroli, dayaframu imeshachanika na usiliwashe tena gari. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, haishiki kwenye bearing, na injini inaweza kufa ukiwa bado unahangaika na pampu. Mwaga oili yote, badilisha filta pia. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo: kikitoa petroli, ni dayaframu, kikitoa oili, ni sili. Usikizibe.

Wakati wa kufunga, zungusha injini mpaka mkono wa pampu uwe mlegevu, yaani nundu iko upande wa pili. Bolti zitaingia kwa mkono bila kulazimisha. Paka oili kwenye ncha ya mkono. Kwa joto letu, tafuta na kipande cha bakelaiti (plastiki ngumu) cha kuzuia joto kati ya pampu na injini, lakini kisiwe kinene kuliko kinachotakiwa kwa pampu hiyo, maana kila milimita unayoongeza inafupisha mpigo. Bomba la petroli lisogeze mbali na ekzosi. Jaza kabureta kwa kileva cha mkono kilicho ubavuni mwa pampu kabla ya kupiga stata; ukihisi kileva kimekuwa chepesi, bakuli limejaa. Kileva kikiwa chepesi tangu mwanzo, mkono umesimama juu ya nundu. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Ukifika Bahi siku ya kwanza, simama ukaze bolti mbili za pampu, kwa sababu gasketi mpya hushuka ikishapata joto.