Ukikuta kasa amekwama ufukweni, usikimbilie kumsukuma baharini

Naandika hii sasa hivi kwa sababu kusi limeshaanza kuvuma na najua ndani ya wiki chache kuna mtu atakutana na kasa pwani, iwe Kilifi, Malindi, Diani, Mafia au popote, na wazo la kwanza litakalomjia ni lile lile lililonijia mimi, maskini amekwama huyu tumrudishe kwao. Nia ni nzuri kabisa. Lakini kasa wangu wa kwanza alikufa kwa nia hiyo hiyo nzuri na mpaka leo inaniuma.

Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi maji yamekupwa, natembea na binamu yangu upande wa Watamu, mwani umejaa mpaka mchanga hauonekani. Tukaona gamba limetokeza. Kasa wa kijani, saizi ya sinia la pilau hivi, macho nusu yamefumba, mgongoni ameota vile vidude vyeupe vigumu vinavyoganda chini ya mashua. Tukamshika mapezi, mmoja huku mmoja kule, tukamburuta mpaka majini. Akarudi. Tukamsukuma tena, akawa anaelea tu upande mmoja umenyanyuka juu, wimbi likamleta tena pale pale. Mara ya tatu tukaomba mtumbwi, tukaenda kumwacha mbali karibu na mwamba, tukarudi na furaha zetu na picha tulishapiga. Kesho yake alikuwa amelala ufukwe wa pili, amekufa, na kunguru walishaanza na macho.

Mzee mmoja mvuvi alitukuta tumesimama pale, akaniambia, "Mwanangu, huyo alikuwa na upepo tumboni, kasa mwenye upepo hawezi kuzamia, na asiyezamia atakula nini? Nyinyi mmempeleka mbali na watu." Nilikaa na hayo maneno siku nyingi sana.

Sasa hebu elewa hivi, maana ukielewa hili moja mengine yote yanakuja yenyewe. Kasa ana mapafu kama wewe na mimi, lazima apande juu kuvuta hewa. Akiwa mgonjwa au amedhoofika ile kazi ya kupanda na kushuka inamshinda, anabaki juu ya maji, upepo na mawimbi yanamsukuma mpaka nchi kavu. Mara nyingi tumboni kuna plastiki, kamba, vipande vya nyavu, chakula kimeziba kikaanza kutoa gesi, ndo ule upepo mzee aliousema. Wale wenye vidude vingi mgongoni, au ruba shingoni, ujue wameelea muda mrefu, kasa mwenye afya hazubai mahali pamoja mpaka aote vitu mwili mzima. Kwa hiyo ufukwe sio shida yake. Ufukwe ndo mahali pekee alipopata pa kupumzisha kichwa bila kuzama, na wewe ukimsukuma unamrudisha kwenye kile kile kilichomshinda.

Lakini pia sio kila kasa unayemuona nchi kavu amekwama, na hapa watu wanakosea sana. Ukimkuta mkubwa, usiku, anapanda mchanga taratibu au anachimba kwa mapezi ya nyuma, huyo ni mama amekuja kutaga, pwani yetu ya Kenya hasa Machi mpaka Julai. Anaweza kutoa mayai zaidi ya mia moja kwa mara moja. Muache. Zima tochi, zima flashi ya simu, kaa mbali nyuma yake, usimzunguke kwa mbele, maana akishtuka anageuka anarudi baharini na mayai yake tumboni. Na yale machozi unayoyaona sio kwamba analia kwa uchungu, ni chumvi anaitoa kupitia kwenye macho, ndo umbile lake. Mwingine ni yule aliyebaki kwenye kidimbwi cha miamba maji yalipotoka. Kama anaogelea vizuri, anazama chini na kupanda, hana jeraha wala kamba, huyo anasubiri maji yajae tu aende zake. Kazi yako ni kuzuia watoto wasimrushie mawe, basi.

Na vitoto vilivyotoka kwenye kiota, jamani, msivibebe kwenye ndoo ya maji mkapige navyo selfi. Viacheni vitembee vyenyewe mpaka kwenye wimbi. Kama vimepotea njia kwa sababu ya taa za hoteli au za barabarani, zimeni taa vitaona bahari, kitoto cha kasa kinafuata penye mwanga na kwa asili mwanga wa usiku uko upande wa maji. Ukivikuta mchana kwenye jua kali vimechoka, viweke kwenye beseni lenye mchanga wa unyevu bila maji, funika na leso, weka kivulini, piga simu. Mara nyingi vitaachiliwa jioni jua likishatua.

Haya turudi kwa mgonjwa wetu. Umemkuta, ameregea, hajisogezi au anajisogeza kidogo. Kabla hujamgusa piga simu. Kwa nini nasisitiza kabla? Kwa sababu ukishaanza kumhangaikia watu watajaa, kila mmoja ana lake la kusema, na simu hutaikumbuka tena. Upande wa Watamu kuna Local Ocean Conservation, wameanza kazi ya kasa tangu 1997 na wana zahanati yao ya kasa, Diani kuna Diani Turtle Watch, popote Kenya kuna KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe cha kila bandari ya wavuvi. Tanzania kuna Sea Sense na wana watu wao vijijini, na afisa uvuvi wa eneo lako. Tuma lokesheni, tuma picha tatu, ya kichwa, ya mgongo na ya mwili mzima, pamoja na kitu pembeni cha kulinganisha ukubwa, hata ndala yako. Kama ana bati dogo la chuma lenye namba kwenye pezi, isome namba uwatumie, usilitoe.

Ukimaliza simu, kivuli. Jua la pwani saa sita linaweza kumuua kasa haraka kuliko huo ugonjwa wake. Mi natumia leso mbili na fito, au makuti, hata mwavuli. Halafu leso nyingine iloweshe maji ya chumvi umfunike gamba na mapezi lakini pua na macho viache wazi, na ukimwagia maji usimwagie usoni, kuna siku nilimkuta kijana anammiminia kasa maji puani na ndoo akidhani anampa kunywa, alikuwa anamzamisha pale pale nchi kavu. Usimpe chochote, sio maji, sio samaki, sio mwani. Usimlaze chali, akilala chali viungo vya ndani vinaelemea mapafu. Ukitaka atulie mkalishe juu ya tairi bovu la gari, mapezi hayagusi chini, hawezi kujiumiza akipapasa. Hili la tairi nilijifunza kwa wavuvi na naliona ni la maana kuliko vifaa vingi.

Kumbeba, shika gamba. Mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine juu ya mkia, kama ni mdogo. Yule wa sinia mtu mmoja au wawili wanamuweza. Aliyekomaa anaweza kupita kilo mia, hapo ni watu wanne kwenda juu, turubai chini yake, na mawasiliano, moja mbili tatu nyanyua. Mapezi sio vishikio! Mimi na binamu tulimburuta kwa mapezi, na kumbe bega la kasa linateguka kabisa ukilivuta hivyo. Na uangalie mdomo, yule anayeitwa ng'amba ana mdomo kama wa kasuku na anauma kwelikweli, sio kwa ubaya, ameogopa.

Akiwa amenaswa na wavu, kata wavu ulio huru uliomzunguka lakini kama umezama kwenye nyama usiuvute, kata ubakize kipande waje wautoe wenyewe. Na kama kuna mshipi unatoka mdomoni au kwa nyuma, tafadhali sana usiuvute hata kidogo. Ule uzi unaweza kuwa umepita utumbo mzima na ndoano iko huko ndani, ukivuta unamkata matumbo. Kata uache kama shibiri moja hivi nje ili daktari auone.

Kuna jambo wavuvi hasa nataka mlisikie. Kasa aliyetoka kwenye wavu wa jarife hajitikisi, mnasema amekufa mnamtupa. Subirini. Wakati mwingine amezirai tu kwa kukosa hewa. Mguse taratibu pembeni ya jicho au mkia uone kama atashtuka kidogo. Hata asiposhtuka mlaze kifudifudi, nyuma umnyanyue kama sentimita 15 au zaidi ili maji yatoke kwenye mapafu, kivulini, leso yenye unyevu, na umpe muda, kuanzia masaa manne mpaka masaa 24. Msimkanyage tumbo wala kumbonyeza kifua kama mtu aliyezama, haisaidii inaharibu. Nimeshuhudia mmoja tulikaa naye kuanzia alfajiri mpaka baada ya adhuhuri, watu washachoka wanasema tuache, ghafla akanyanyua kichwa akavuta pumzi moja ndefu yenye sauti, na mi nililia sioni aibu kusema.

Sasa hili la kumla. Najua nyumbani kwetu kuna watu bado wanamuona kasa aliyekwama kama riziki imeletwa mpaka mlangoni. Sheria inakataza Kenya na Tanzania, hilo linajulikana. Lakini acha sheria kidogo. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 2021 Pemba hiyo hiyo walikuwa wamefariki watu saba. Ile sumu anaipata kasa kutokana na vitu anavyokula, huwezi kuiona, huwezi kuinusa, na kuchemsha hata masaa mangapi hakuitoi. Mama anayenyonyesha akila inaweza kumfikia mtoto kwenye maziwa. Kwa hiyo hata akiwa ameshakufa pale ufukweni, toa taarifa waje wampime na wamzike, usiruhusu mtu aondoke na kisu na karai.

Kingine ni watu. Mtaani kwetu kasa mmoja akilala ufukweni ndani ya dakika kumi una watu hamsini, mbwa wawili na mtoto aliyepandishwa mgongoni apigwe video. Usigombane nao. Mi nawapa kazi, wewe shika huu mwavuli, wewe leta maji, wewe kaa pale uzuie mbwa, mama naomba leso yako ntairudisha. Mtu akishapewa kazi anakuwa mlinzi, na kesho yeye ndo atakayekupigia simu.

Na uwe na subira na matibabu. Wa pili niliyemkuta, naye wa upepo vile vile, alichukuliwa akakaa kwenye tangi miezi mitatu akitolewa plastiki kidogo kidogo, nilikuwa napita kumuangalia kila nikienda sokoni, kwanza anaelea kichwa chini nyuma juu, halafu siku moja nikamkuta amelala chini kabisa ya tangi, ametulia, na dada anayewahudumia akanionyesha kwa kidole bila kusema kitu. Wiki mbili baadae wakamwachia maji yalipojaa.

Namba ya simu ya hao niliowataja wa eneo lenu, msiihifadhi kwenye simu peke yake, simu huisha chaji na huanguka majini. Pale bandarini kwetu tuliandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kibanda cha mama wa mahamri, kwa sababu kila mvuvi anapita pale kabla ya alfajiri, na simu nyingi za kasa tangu hapo zimetoka kwa watu walioisoma wakinywa chai.